Tuacheni tucheke mpaka mkanda uishe

Kuna jibu moja limegeuka ngao ya kila filamu mbovu inayotoka hapa nchini. Ukicheka tu, unaambiwa: "Kama unaona rahisi, katengeneze ya kwako." Likishindwa hilo linakuja la pili, limebeba bendera: tuunge mkono cha nyumbani. Nimeyasikia ukumbini, nimeyakuta chini ya kila uhakiki niliowahi kuandika, na safari hii nayajibu.

Mimi napenda filamu mbovu. Nazipenda za kutisha ambazo mzimu wake umevaa raba. Nazipenda za mapigano ambazo teke linapita hewani, mbali kabisa na shavu, na jamaa bado anaanguka, tena anaangukia godoro ambalo ncha yake tunaiona. Nacheka kwa sauti, namgusa wa pembeni, naongea na skrini. Wala sioni kama nina dhambi ya kutubu. Kicheko kile ndiyo shule ya uhakiki wa filamu iliyopata wanafunzi wengi kuliko zote kwa Kiswahili, na wanaotaka kuifunga kwa jina la uzalendo wanafunga kitu ambacho hawakukijenga wao.

Shule yenyewe ilikuwa na mabenchi ya mbao. Waliokulia uswahilini wanaijua: kibanda umiza, ukuta wa mabati au magunia, TV ya chogo, deki, na jasho la watu sitini mahali pa watu ishirini. Picha imetoka Hong Kong au Marekani, mkanda umenakiliwa mpaka rangi zimekimbia, na lugha hakuna anayeielewa. Hapo ndipo alipoingia mfasiri. Dar es Salaam jina kubwa lilikuwa Lufufu, Kapteni Derek Mukandala. Kenya wakampata DJ Afro. Uganda wana ma-VJ wao, na sikiliza neno wanalotumia kwa ukumbi wenyewe: nao wanauita kibanda, na vikiwa vingi wanasema bibanda.

Tunawaita wafasiri, ila kutafsiri ilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Mfasiri aliwapa wahusika majina tunayoweza kuyaita. Alitueleza nani ni nani, nani atamsaliti nani, kwa nini huyu mama analia. Picha ikichosha, aliijaza yeye. Ikidanganya, aliiumbua. Yule wa mtaani kwetu hakuwa na jina kubwa. Alikuwa na maiki na spika iliyokwaruza. Tabia yake ilikuwa kuhesabu risasi. Stelingi akitoa bastola, jamaa anaanza: moja, mbili, tatu. Ikifika sita sauti inapanda. Saba. Nane. Tisa. "Jamani, bastola hii inazaa!" Na sisi watoto wa mbele tunapokea hesabu, kumi, kumi na moja, kibanda kizima kinahesabu, mpaka adui wa mwisho anakufa kwa risasi ya ishirini na kitu kutoka bastola ya risasi sita, na makofi yanapigwa. Makofi ya kweli, siyo ya kejeli. Tulikuwa tumemkamata muongozaji wizini na bado tunafurahi kwamba stelingi kashinda. Maana stelingi hafi, hiyo nayo ni kanuni, na ole wake muongozaji anayeivunja bila sababu ya kueleweka.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mhadhiri alitufundisha kuhusu mwendelezo: kikombe kilichokuwa mkono wa kulia kwenye picha hii kisiwe wa kushoto kwenye picha inayofuata. Nusu ya darasa tulikuwa tumelimaliza somo hilo kwa kiingilio cha shilingi hamsini.

Ndiyo maana nikiambiwa kucheka ni dharau nauliza, dharau kwa nani? Mtu mwenye dharau hakai saa mbili kwenye benchi lisilo na egemeo. Anaondoka. Yule anayehesabu risasi ni mtu aliyekodoa macho kwenye kila fremu, anayejua kanuni za picha ya aina hiyo pengine kuliko aliyeitengeneza, na aliyelipa.

Sasa kuhusu ubovu wenyewe. Wanaotetea wanachanganya, nadhani kwa makusudi, filamu iliyoshindwa na filamu ambayo haikujaribu. Iliyoshindwa ni ile ya bajeti ya laki mbili inayotaka kuonyesha jini akipotea mbele ya macho yako. Turudi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati filamu za video zinaanza kushika mtaa hapa Bongo. Mussa Banzi akatuletea Nsyuka, halafu Shumileta, na nyuma yake likaja kundi zima la majini, wachawi na maiti waliokataa kulala. Meno ya plastiki. Ute wa mate uliochanganywa na rangi. Upepo wa kutengenezwa unaovuma ndani ya chumba ambacho pazia lake halitikisiki. Na kupotea kwenyewe: kamera inazimwa, mwigizaji anatoka, kamera inawashwa, na katikati ya kuzima na kuwasha jua limehama, kivuli cha mwembe kimeruka kutoka upande huu wa uwanja mpaka ule, na kuku aliyekuwa anapita naye katoweka pamoja na jini. Huwa nampigia makofi yule kuku.

Lakini angalia kilichofanyika pale. Ujanja ule wa kuzima na kuwasha ndio aliotumia Mfaransa Georges Méliès mwaka 1896 kumpoteza mwanamke kitini, sinema ikiwa bado kichanga. Vijana wenye kamera ya kuazima walikuwa wanapita njia hiyohiyo kwa miguu yao, bila ramani. Kinachochekesha ni ule umbali kati ya walichokiona kichwani na kilichotoka kwenye kanda, na umbali huo huupati kwa mtu asiye na ndoto. Nilicheka, na usiku niliogopa kwenda chooni. Vyote viwili siku hiyohiyo.

Sasa linganisha na kilichokuja baadaye, biashara ilipokaa sawa. Honi. Honi tena. Mlinzi anatoka kibandani, anavaa kofia, anafungua geti, upande wa kwanza, upande wa pili. Gari linaingia. Linaegeshwa. Tajiri anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka barazani, anavua viatu, anaingia sebuleni, anakaa kwenye kochi. "Habari za hapa?" "Nzuri, za huko?" Dakika nne zimekwisha na hadithi haijasogea hata inchi. Halafu anatoka, na tunalitazama geti lote tena kwa kurudi nyuma.

Lile geti halikuwa bahati mbaya wala uhaba wa kipaji. Filamu moja iliuzwa kwa sehemu mbili, Part 1 na Part 2, kila sehemu na CD yake na bei yake. Hadithi ya saa moja na robo ikabidi ijaze saa tatu. Geti likajaza. Barabara ikajaza, gari likipigwa picha kutoka kiti cha nyuma toka Mwenge mpaka Mbezi. Wimbo wa mapenzi ukajaza, ukipigwa wote, beti zote, mwigizaji akitazama dirishani. Kamera zilikuwa bora kuliko za akina Banzi, nyumba ni ya ghorofa, nguo zinameta, na hakuna anayecheka kibandani kwa sababu hakuna cha kuchekea. Watu wanasinzia.

Na hapo ndipo tulipotakiwa kuunga mkono cha nyumbani.

Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana mpaka Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa holela. Madai ya kodi na haki miliki yalikuwa na uzito, siyabezi. Mtu anayelipia stempu ya kodi hawezi kushindana na mtu anayenakili bure. Ila katika kelele zile kulikuwa na hoja nyingine imejificha, kwamba mtazamaji ana deni. Kwamba akichagua Mkorea akaacha wa kwetu, kasaliti. Hapana bwana. Mtazamaji wa kibandani alikuwa ameshatoa hukumu yake miaka mingi, kwa kusinzia, na hakuna muongozaji aliyetaka kuisikia kwa sababu tulishakubaliana kwamba kusema wazi ni wivu. Wangeruhusu tucheke getini, geti lingekatwa. Mfasiri wetu wa mtaani angelimaliza kwa sentensi moja: "Hapa anafungua geti, mimi naenda kununua karanga."

Kuna watakaosema nina roho nyepesi kwa vile si mimi niliyechekwa. Sawa, twende kwa mtu aliyechekwa akaishi kwa kicheko hicho. Isaac Nabwana, maarufu kama Nabwana I.G.G., alikuwa mfyatua matofali kule Wakaliga, mtaa wa watu wa hali ya chini jijini Kampala. Mwaka 2005 akaanzisha kampuni yake, Ramon, na mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, picha la makomando na majambazi ambalo inasemekana liligharimu chini ya dola 200 za Marekani. Kompyuta aliziunga mwenyewe kwa vipuri. Bunduki zilichomelewa kwa vyuma chakavu. Damu ilikuwa ya ng'ombe kwelikweli, mpaka mwigizaji mmoja akaugua, wakahamia rangi ya chakula ndani ya kondomu. Helikopta inayoishambulia Kampala inaruka kama nzi aliyelewa. Kwa vipimo vyote vya darasani ni filamu mbovu, na ni miongoni mwa picha zilizonifurahisha zaidi maishani.

Anayeifanya iwe hivyo ni VJ Emmie. Sauti yake imepanda juu ya filamu nzima: anawashangilia makomando, anawataja waigizaji, anatangaza filamu zijazo, anamkejeli stelingi, anapiga kelele helikopta ikitokea kana kwamba naye imemshtukiza. Ni yuleyule mhesabu risasi wa kwetu, ila safari hii kaajiriwa na waliotengeneza filamu yenyewe.

Na hapa kuna jambo ambalo watetezi wa heshima wangepaswa kulifikiria kabla ya kulala. Ile filamu ya awali, isiyo na sauti ya VJ, haipo tena. Nabwana aliifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengenezea filamu iliyofuata. Nakala iliyobaki duniani ni ile yenye mchekeshaji ndani. Ukitaka kumwona Kapteni Alex leo, huwezi kumwona bila kicheko; vimeshonwa pamoja. Mwaka 2019 filamu nyingine ya Wakaliga, Crazy World, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, kwenye maonyesho yale ya usiku wa manane.

Najua swali linalofuata: Wazungu wa Toronto walikuwa wanacheka nini? Walikuwa wanamcheka Mwafrika? Wengine pengine ndiyo. Lakini hawakuanza wao. VJ Emmie alitangulia kucheka, kwa Kiingereza, akawashika mkono na kuwaonyesha wapi pa kucheka na wapi pa kupiga makofi. Pesa inarudi Wakaliga. Kule waigizaji huzunguka wenyewe na DVD, nyumba kwa nyumba, na kubaki na sehemu ya mauzo. Haraka, kabla wanakili hawajaamka. Huo ni ushirika ambao chama chochote cha wasanii hapa kwetu kingefaa kwenda kuutazama.

Kicheko kinachoniudhi mimi ni kingine kabisa, na wanaokicheka ni wa tabaka langu. Ni kile cha klipu. Sekunde thelathini za jini wa Bongo zikikatwa, zikawekwa wimbo juu, zikazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu waliosoma. "Hii nchi ina watu!" Hakuna anayeuliza filamu inaitwaje. Hakuna aliyeiona yote, hakuna aliyelipa hata mia. Mwigizaji yule pengine anauza nguo Tandika leo, na uso wake uko kwenye simu za watu wasiojua kama hadithi ile ilikuwa ya huzuni. Mtu wa klipu hahesabu risasi. Hajui ni ya ngapi.

Mfano mbaya kuliko wote wa kicheko cha namna hiyo ni wa Marekani. Ed Wood alikuwa muongozaji wa Hollywood wa pembezoni kabisa. Nyota wa Plan 9 from Outer Space, Bela Lugosi, alifariki mwaka 1956 akiwa ameacha vipande vichache tu vya filamu. Wood hakukubali. Akamchukua tabibu wa viungo wa mkewe, mtu mrefu kuliko Lugosi na asiyefanana naye, akamwambia ajifunike uso kwa joho mpaka mwisho wa filamu. Ukiona jambo hilo huwezi kuacha kucheka. Na ukicheka vizuri unaona pia mtu anayekataa rafiki yake afe. Wood mwenyewe alifariki Desemba 1978, fukara, mlevi, siku chache baada ya kutolewa kwenye nyumba ya kupanga. Mwaka 1980 ndugu wawili, Harry na Michael Medved, wakaitangaza Plan 9 kwenye kitabu chao kuwa filamu mbovu kuliko zote, na umaarufu ukaanza. Watu wakajaa kumbini kwa ajili ya marehemu. Kicheko kilifika na pesa yake ikiwa imechelewa miaka miwili.

Sitaki yatokee hapa, na yanaelekea kutokea. Miezi michache iliyopita nilizunguka Kariakoo kutafuta Nsyuka. Mikanda ya VHS hamna, deki zenyewe ni chuma chakavu. CD zimekwanguka. Sasa hivi biashara ni ya kujaziwa filamu kwenye flashi, na jamaa anayejaza, kijana wa makamo mwenye kompyuta mbili na feni moja, aliniuliza Nsyuka ya nini tena. Nikamwambia nataka kuitazama. Akacheka, akasema hana, akaita wa duka la pili, naye hana. Halafu wakaanza kuninadia filamu ile kwa mdomo, wawili kwa zamu, na milio yote, na mteja mmoja aliyekuja kuchukua tamthilia ya Kituruki akasahau kilichomleta. Walibishana kuhusu mwisho wake. Kila mmoja alikuwa na mwisho tofauti, na hakuna nakala ya kuamua.

Hilo ndilo ninalolipigania, siyo haki yangu ya kuwa mkorofi ukumbini. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976. Kwa miaka yote hiyo serikali imekuwa na mamlaka ya kukagua filamu kabla wananchi hawajaiona: kisu hiki kisionekane, busu hili likatwe. Basi nguvu hiyohiyo itumike kutunza. Kila filamu inayopita mezani kwa Bodi ibaki na nakala mahali, ya kutisha, ya mapigano, hata ya geti, na mwananchi aweze kwenda kuitazama. Chuo chochote chenye idara ya sanaa za maonyesho kinaweza kuanza kesho kwa kununua mikanda iliyobaki majumbani kwa watu kabla panya na unyevu havijamaliza. Na sauti za wafasiri zihifadhiwe pamoja nazo. Kisheria filamu zile hazikuwa zao, nakubali, walizungumza juu ya mali ya watu. Lakini ucheshi ulikuwa wao, Kiswahili kilikuwa chao, na hakuna mwenye hakimiliki kule Hong Kong atakayekuja kututunzia.

Mkikusanya, msiziweke kwenye chumba chenye kiyoyozi ambako watu wanavua viatu na kunong'ona. Nimeshahudhuria onyesho la namna hiyo, filamu ya zamani ya vichekesho na ya kutisha kwa pamoja, na mratibu alisimama mwanzoni kutuomba tuitazame "kwa heshima ya waasisi". Tukakaa kama tuko msibani. Muasisi mmoja alikuwemo ukumbini, amekaa nyuma, na jini wake alipotokea na meno yale ya plastiki, aliyecheka peke yake alikuwa yeye. Watu wakageuka kumtazama vibaya.

Wekeni mabenchi. Tafuteni mtu mwenye mdomo, mpeni maiki. Anzeni na Nsyuka, tuujue ule mwisho. Kiingilio nitalipa, nitakaa mbele, na bastola ikitolewa nitahesabu.